Tupeane uzoefu: ua gani kwenu likichanua unajua msimu umegeuka?

MamaViriba, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Jana alfajiri nimetoka kumwagilia, nakuta pembeni ya simtanki kumezuka kitu chekundu, duara, kikubwa kama kichwa cha kichanga, na hakina jani hata moja. Mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mara mbili tu. Wanaopenda maua watakuwa wamelijua, wengine huliita fireball lily: kikonyo kinachomoza ardhini kama kidole gumba, siku chache mbele kinafunguka vijiua zaidi ya mia vilivyojikusanya kama mpira wa sindano laini. Sikulipanda mimi. Kiwanja hiki kilikuwa pori, fundi akachimba msingi, akamwaga kifusi, nikaweka pavingi nusu ya uwanja, kumbe kitunguu chake kimejilaza chini kinasubiri vuli. Huu mwaka wa sita linatoka palepale. Likitoka tu namwambia mume wangu ingiza viatu vyako ndani, mvua imefika.

Nina rafiki yuko Ulaya, kila Machi ananirushia picha za maua ya majira ya kuchipua, utadhani sisi huku tunaishi kwenye majivu. Ndiyo sababu ya uzi huu. Uwe na bustani ama una sado tatu barazani, tuambie uko wapi na ua gani likichanua unajua msimu umegeuka. Na mlichoharibu mkiseme pia, maana mimi nina kesi yangu ya friji, nitaileta baadaye.

KihambaAsili, Machame

Salaam kwenu wote. Kwetu ua la msimu ni kahawa. Najua mtasema hilo ni zao, si pambo, lakini kihamba ndipo nyumbani penyewe: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni, na kaburi la babu humohumo.

Matumba ya kahawa hujitokeza wakati wa ukavu, yakifika ukubwa wa punje ya mchele yanagoma. Yanakaa hivyo wiki na wiki. Ikishuka mvua ya kulowesha mizizi, si ya kufuta vumbi, anza kuhesabu: siku ya nane mpaka ya kumi unaamka kihamba kizima kimekuwa cheupe, harufu inaingia hadi jikoni. Inakaribiana na yasmini. Siku mbili hivi, ya tatu yameshaanza kugeuka rangi ya chai. Ukishuka Moshi kwa msiba ukalala huko, umeyakosa. Marehemu mama siku hizo alikuwa hataki mtu akate mkungu, eti ukianguka utatikisa kahawa.

Kuna jambo jingine ambalo wa mjini hawalijui. Mvua ikija vipandevipande, leo rasharasha, halafu wiki mbili kimya, maua nayo yatatoka kwa mafungu, na mwakani tunda litaiva kwa mafungu. Utaurudia mti huohuo mara tano, sita, unadonoa mbivu mojamoja. Kwa hiyo nikiyaona maua najua mwakani vibarua watanila kiasi gani. Mwaka huu huku bado. Wingu linapita tu linaelekea Kenya.

WaKiambu

Shikamoo mzee. Hilo wingu halijafika huku, muliangalie vizuri!

Kwetu ni jakaranda. Iko moja kwa lango, iliachwa na mwenye shamba wa kwanza. Kuanzia Septemba inaacha majani inabaki zambarau tupu, mpaka mvua ya vuli iimalize. Tukiwa wadogo hatukuhitaji kalenda: jakaranda ikianza kumwaga, darasa la nane wanajua mtihani umefika. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023, mti haujaambiwa.

Watu wanapiga picha wakienda, mimi ndio ninabaki na ngazi. Yale maua yakilowa yanakuwa kama uji, yanaziba gata, maji yanarudi ndani ya dari. Mwaka jana nililipa fundi wa dari. Sasa nafagia paa kila Jumamosi na bado nikiulizwa kama niukate nasema hapana.

MlaTende, Muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku kalenda imepinduka. Kiangazi joto linapita nyuzi 45, hata mrehani unaungua ukiwa kivulini. Basi bustani yaanza mwisho wa Oktoba, mtu akiweza kushika bomba la maji bila kuungua mkono. Petunia ndizo za kwanza, barabara nzima na kila nyumba, na zafika mpaka Machi. Wenzetu wa Ulaya wakifurahia kuchipua, sie twazika.

Lakini pandeni Jebel Akhdar, huko ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mambo mengine kabisa. Mwisho wa Machi waridi zaanza, Aprili yote, zikichelewa zaingia Mei. Mjomba wa mke wangu ana ngazi tatu za shamba chini ya nyumba yake. Tulikwenda kumsaidia, nikadhani ni kazi ya kupiga picha. Kumbe mtu waamka kabla jua halijapanda, kwa sababu joto likilipata ua harufu yake yapungua, na miba haikujui kama wewe ni mkwe. Tukajaza nguo, tukamwaga waridi chungu chungu mbele ya jiko. Petali zatiwa kwenye mtungi juu ya moto, ndani mnawekwa bakuli, juu pafunikwa kwa chombo cha maji baridi. Mvuke wapanda, wagonga baridi, wadondoka. Chumba ni cha giza na moshi, macho yanitoka machozi, yeye amekaa kimya asikiliza mlio wa maji. Yakishatoka yaachwa yatulie siku nyingi. Ndiyo maana marashi mawaridi ya kule yana rangi ya kutu na kaharufu ka moshi. Wengine sasa watumia gesi, yatoka meupe. Mjomba asema hayo ni maji ya kuoshea vikombe.

YasminiYaJioni, Unguja

Wa alaykumu salaam. MlaTende umenikumbusha mrashi wa bibi, kile chombo cha kunyunyizia marashi, ulikuwa hauguswi ila siku ya maulidi na harusi.

Mie sina bustani, nina mti mmoja wa yasmini ulopanda ukutani na mlangilangi wa jirani unaomwaga upande wangu (hajui kama nauza). Kaskazi ikishika, joto la kulala nje, ndo yasmini inazaa khasa. Sie hatungoji ichanue. Alasiri unachuma tumba zimefumba bado, unatunga kwa uzi, zinakwenda kufunguka kichwani mwa mtu baada ya magharibi. Ukichuma asubuhi umechuma maiti. Kikuba kizuri, yaani kishada cha kujipamba, kina yasmini, waridi, rehani, mlangilangi na kipande cha mkadi, na sokoni bei ya mkadi sasa hivi inataka moyo.

BaridiKali, Minnesota

Wakuu, ngoja niwape ya baridi yenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipofika nilikuwa napiga shifti ya usiku. Asubuhi moja ya Aprili nashuka kwenye gari, nyasi zote bado zina theluji, naona vitu vya zambarau vimetokeza. Nikadhani mtoto wa jirani kadondosha vifuniko vya soda. Nainama kuokota, ni maua! Yametoboa theluji. Nilisimama pale na makoti yangu mawili nikawa najisikia mjinga, miezi mitano nalalamika, na kitu cha urefu wa kidole hakikungoja hata iyeyuke.

Nikapandwa na wazimu. Oktoba ile nikanunua vitunguu 50 vya tulipu, nikachimba sentimita 15 kila kimoja kama maelekezo yalivyosema, mgongo ukaniuma wiki. Huku lazima upande kabla ardhi haijaganda, kisha vinakaa chini wakati wote wa baridi. Wiki iliyofuata kindi wamefukua karibu nusu. Wanakaa juu ya uzio wanatafuna huku wananitazama. Mei yaliyobaki yakachomoza, sungura wakala matumba. Katika 50 nilipata maua saba.

Jirani yangu bibi mmoja wa umri wa mama yangu akaja na waya wa kuku, akanionyesha kuulaza juu ya vitunguu kabla ya kufukia. Akaniambia pia nichanganye na dafodili, hizo wanyama hawagusi kwa sababu zina sumu. Na ua likishanyauka kata ua tu, majani yaache mpaka yawe manjano yenyewe, hapo ndipo kitunguu kinajaza chakula cha mwakani. Mimi nilikuwa nayafyeka yote na mashine ya nyasi, halafu nashangaa mwaka wa pili naona jani tupu.

MamaViriba

Sasa umefika kwenye kesi yangu. Yule rafiki alikuja likizo na vitunguu 20 vya tulipu. Nikasoma kwamba bila baridi ya wiki 12 mpaka 16 tulipu haitoi ua. Dar baridi iko wapi? Friji! Nikaviweka kwenye mfuko wa karatasi, droo ya chini, pamoja na matunda. Mwezi wa pili vikiwa humo, narudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe, aliyekuja kututembelea, ameshamenya viwili na cha tatu yuko nacho, sufuria ya mchuzi iko jikoni. Ananiambia, mwanangu, vitunguu vyako havina ukali, umeuziwa vya zamani.

Nilipiga kelele mpaka akakaa chini. Vilivyobaki nilivipanda kwenye sado kivulini. Vikatoa majani mawili mawili mapana, mazuri, vikaoza. Hakuna ua hata moja.

BaridiKali

😂😂 Yale matunda kwenye droo, kulikuwa na apple?

MamaViriba

Kulikuwa na apple.

BaridiKali

Ndiyo hayo. Apple likiiva linatoa gesi ya ethilini, inaua ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu. Ungeona jani tupu hata kama ungekuwa Uholanzi.

MtaaWaMifereji, Rotterdam

Kwa mama mkwe: Waholanzi walishavila, njaa ya 1944 kuingia 1945 wakati wa vita. Wazee wa hapa wakikusimulia wanakunja uso. Na walikuwa wanatoa kile kiini cha katikati kwanza. Ila ingekuwa dafodili, MamaViriba, usingekuwa unacheka leo.

Halafu wakuu, vitunguu na miche havisafirishwi kwenye begi la nguo. Kuna cheti cha afya ya mimea, na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, wapo kwa kazi hiyo. Sisemi zaidi.

MamaViriba

Nimesikia. Rafiki naye amesikia.

MtotoWaMuheza, Hamburg

Nilikuwa nasoma kimyakimya, acha nami niseme. Januari, huku jua linazama saa kumi jioni, naingia dukani kununua mkate. Karibu na kaunta kuna vyungu vidogo, majani ya manyoya, maua ya urujuani. Kibandiko kimeandikwa *Usambaraveilchen*. Nikasoma mara tatu. Usambara! Mimi nimezaliwa chini ya Amani, huko milima ya Usambara, shuleni tumefundishwa mkonge na chai, hakuna aliyeniambia kwamba ua la dirishani la mabibi wa Ujerumani limetoka kwetu. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kutokana na jina la huyo baroni. Wasambaa na Wabondei waliokuwa wanapita juu yake kila siku hawakuulizwa.

Nikanunua, nikampigia mama kwa video. Akavaa miwani, akatazama, akasema: "Hayo si majani ya kwenye mawe ya mtoni? Umelipa hela?"

Nimelipa, mama. Sasa ninayo kumi na moja, yote kutokana na lile moja, maana ukikata jani na kikonyo chake ukachomeka kwenye udongo wenye unyevu linaotesha watoto. Usimwagie maji ya baridi juu ya majani, yanapata madoa. Weka maji ya vuguvugu kwenye sahani, yanywe kwa chini. Jua kali hayataki, yamezoea kivuli cha msitu. Dirisha la mashariki yanachanua hata Januari, wakati nje hakuna chochote. Kwa hiyo mimi ua langu haliniambii msimu umegeuka.

VumbiLaDodoma

Fupi tu: waridi la jangwani. Linachanua wakati kila kitu kimekauka. Nililionea huruma nikalimwagilia kila siku, shina likaoza likawa laini kama papai. Bogonvilia nayo vilevile, ukiibembeleza kwa maji inakupa majani. Dodoma ukitaka maua, sahau bomba.

MlimaniLushoto

Plamsi. Baridi ya Juni na Julai ikiisha, mti hauna jani, unajaa maua meupe mpaka tawi halionekani. Nyuki wanaanza saa tatu, ukungu ukipanda. Sina kisa, nilitaka tu mjue ipo.

YasminiYaJioni

MamaViriba, mama mkwe anaendeleaje na bustani?

MamaViriba

Yuko hapa tena. Friji haigusi. Asubuhi nimemkuta ameinama pale kwenye simtanki analiwekea lile jekundu vijiti kuzunguka ili watoto wasilikanyage. Kaniuliza hiki nacho ni cha friji? Nikamwambia hapana mama, hiki ni cha kwetu, na chini kina kitunguu, tafadhali.

KihambaAsili

Wadau, imenyesha. Ilianza saa nane usiku mpaka alfajiri, nimechimba kwa kidole chini ya mti, udongo umelowa hadi kiungo cha pili. Leo siku ya kwanza.