Naomba ushauri: mawakili wapya na kesi za ubaguzi kazini

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Nimekabidhiwa mawakili wanne walioapishwa juzijuzi, niwanoe kwenye kesi za ubaguzi kazini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 wanakighani kama shairi: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri. Shida inaanza mteja akikaa mbele yao.

Wiki iliyopita niliigiza mama mkata minofu ya sangara, mjamzito, aliyeambiwa na msimamizi "pumzika kwanza, tutakuita". Dakika 20 nzima hakuna aliyeuliza niliambiwa lini, nani alisikia, wala nani kapewa meza yangu. Mmoja akaomba kadi ya kliniki! Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Sasa dalili zenyewe watazipata wapi bila kuuliza? Huku siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi pale CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) zinayoyoma.

Mliowahi kufundisha, nianze na majalada ya zamani (majina nishafuta), au kwanza wakapige soga na wafanyakazi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba? Nina Jumamosi sita tu, tena nusu siku.