Nyumba ya zamani Isamilo, rangi inabanduka: kukwangua, kupaka juu au kubadili madirisha?

MamaJunia: Wakuu habari za jioni. Tumehamia nyumba ya urithi wa babamkwe huku Isamilo, zile za zamani za madirisha ya mbao, imepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta mpaka madirisha hayafungi vizuri. Sasa juzi nimemkuta binti yangu wa mwaka na miezi minne dirishani anatafuna kipande cha rangi ya kijani kama karanga. Nikaingia kusoma, nikakutana na habari za risasi (yale madini ya sumu, lead) kwenye rangi za zamani, nguvu zikaniisha. Mume anataka fundi aje apige msasa nyumba nzima, shemeji anasema pakeni tu juu, mimi naona bora alminiamu. Hela ipo ya kitu kimoja.

FundiRola: Dada huyo fundi wa msasa msimamishe kwanza. Mi hiyo kazi nimefanya miaka na miaka, tulikuwa tunapiga msasa mkavu na grinda ukitoka unafanana na mtu wa mashine ya kusaga unga, na bado tunaenda nyumbani tunabeba watoto na nguo zilezile. Ukuta uliotulia hauna shida sana, shida ni lile vumbi, linatua sakafuni mtoto anatambaa anatia mkono mdomoni. Na wale wa kubandua kwa moto wa gesi ndo usiseme, moshi wake una risasi.

KambaleMkavu: Haha tumekulia nyumba za reli hizo tukala na udongo wa kichuguu juu, mbona tuko wazima?

NesiWaKirumba: @KambaleMkavu utajuaje ungekuwaje bila hiyo risasi kaka 😂 Haiji na homa useme mtoto anaumwa, inagusa ubongo taratibu, unashangaa tu mtoto mzito darasani. WHO wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Marekani rangi za risasi walizipiga marufuku majumbani 1978 na mpaka leo wanahangaika na nyumba zilizojengwa kabla ya hapo. MamaJunia muone daktari wa watoto mwambie wazi kwamba katafuna rangi, jibu linatoka kwenye damu, kumtazama usoni hakusaidii. Na dagaa wasikauke kwa sahani, mtoto akipungukiwa chuma na kalsiamu risasi inaingia kirahisi zaidi.

MamaJunia: Asante dada. Kuta za ndani lakini ziko poa, hazijabanduka. Ni madirisha, na mlango wa jikoni.

FundiRola: Basi umeshajijibu. Shemeji yuko sawa kwa ukuta, rangi kama imeshika unaosha unapaka juu inafunikwa, ila usimsikilize kwenye dirisha maana kila ukifungua na kufunga mbao zinasuguana, rangi mpya inaisha wiki mbili inabaki ileile ya babu. Weka hela kwenye madirisha. Mlango loweka kwa maji ya kupuliza ukwanguliwe mbichi, chini turubai, halafu dekio lenye maji, msifagie kavu. Mtoto asiwepo kabisa siku hizo.

Pasiansi_Mdau: Nje chini ya dirisha je? Watoto wangu ndo walikuwa wanapikia hapo vyakula vyao vya mchezo na udongo wote una vijibanzi. Tulichota tukaleta kifusi kipya. Na rangi mpya ulizieni isiyo na risasi, hasa njano na nyekundu kali za mafuta, WHO wanashauri risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

NesiWaKirumba: Na hizo mbao za zamani jamani zisiwe kuni!!

MamaJunia: MREJESHO. Wabeja sana wote. Mtoto alikaa kwa bibi yake Magu siku tisa, damu imechukuliwa tunasubiri majibu. Madirisha matatu ya chumbani na sebuleni yametoka, mawili ya stoo tumeyapigilia misumari yasifunguke mpaka hela ipatikane. Kuhusu kuni, nimerudi sokoni nakuta mume kashagawa mbao kwa mama wa chapati hapo kona. Nimekimbia nimezikomboa, fremu moja ilikuwa ishaungua nusu, na ananidai kuni zake.