Naombeni muvi za mapenzi ya shuleni zisizoliza, sebuleni kuna mabinti wawili na bibi yao

Mama Mdogo wa Kisasa:

Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, Kisasa, na upepo wa mwezi wa sita wa huku mnaujua. Saa kumi na mbili jioni kila mtu kashajifungia ndani.

Likizo hii nakaa na watoto wawili wa marehemu dada yangu. Mkubwa yupo kidato cha nne, mdogo cha pili. Mama yangu naye kaja kutoka Kongwa kwa ajili ya kliniki ya macho. Tivii moja, sebule moja, wote tunabanana hapo.

Mabinti wanataka muvi za mapenzi. Siwakatazi, umri wao ndio huo, hata mimi nilipita humo humo. Ila wiki iliyopita nilikwenda kujaziwa flashi kwenye kibanda kimoja mjini, nikamwambia kijana aniwekee za mapenzi, za wanafunzi, nzuri. Akaniwekea sita kwa elfu tatu. Jumamosi tukaanza na A Walk to Remember. Inaanza vizuri: kijana mkorofi anampenda binti wa mchungaji, mama yangu kakaa mkao wa kula kwa sababu kaona kanisa. Kumbe binti ana saratani ya damu.

Dada yangu alifariki Novemba mwaka jana, na aliugua muda mrefu. Yule mkubwa hakusema kitu, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikawa nasikia bomba linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena.

Kwa hiyo naomba mapenzi ya rika lao, ya kuchekesha, yaishe vizuri, asife mtu, na isiwe na vipande vya kutafutana rimoti mbele ya bibi. Mama hawezi kusoma maandishi ya chini, macho hayaruhusu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Ubuyu:

Pole sana dada kwa msiba. Watafutie The Fault in Our Stars ya 2014. Wanafunzi wanapendana mpaka raha, binti yangu kairudia mara tatu.

Dada wa Chimwaga:

Mzee, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu? Humo wapenzi wote wawili wana saratani! Mama mdogo, na mtu akikuletea Five Feet Apart mrudishie, wapenzi wamelazwa hospitali na mirija ya oksijeni puani. Kuna ukoo mzima wa muvi za hivi. Ukiona kwenye kava vijana wawili wamelala chali kwenye majani wanatazama juu, jua mmoja hafiki mwisho.

Mzee wa Ubuyu:

Nimekubali kosa. Binti yangu alikuwa analia mle, mimi nikadhani ni furaha.

Dada wa Chimwaga:

Haya, twende kwenye yenyewe. To All the Boys I've Loved Before, ya 2018, ipo Netflix. Binti anaitwa Lara Jean, kila akimpenda mvulana anamwandikia barua ya siri, anaifungia kwenye boksi. Siku moja barua zote zinatumwa kwa wenyewe. Ili kuficha aibu anakubaliana na mmoja wao, Peter, wajifanye wachumba, na hapo ndipo igizo linageuka kweli. Hakuna anayekufa ndani ya hadithi.

Ila nikwambie ukweli mapema usije kunilaumu: wale mabinti watatu mama yao alishafariki kabla hadithi haijaanza, baba ndiye anayewalea. Wanamkumbuka kwa upole, hakuna kitanda cha hospitali. Mimi mama yangu alifariki nikiwa kidato cha tatu na muvi hii ilinisaidia, lakini mtoto unamjua wewe. Na kuna kipande cha safari ya shule kwenye theluji, wawili wanabusiana kwenye bwawa dogo la maji ya moto. Hapo mpeleke bibi akanywe dawa.

Zabibu Chungu:

Mmegundua jambo? Karibu kila muvi ya mapenzi ya shuleni ya kufurahisha, mzazi lazima awe ameshakufa. A Cinderella Story ya 2004, ile ya Hilary Duff, baba anakufa kwenye tetemeko la ardhi dakika za mwanzo tu. The Princess Diaries ya 2001, baba kashafariki ndiyo maana binti anaambiwa yeye ni mrithi wa ufalme. Utafikiri mzazi akiwa hai mtoto hapati mchumba. Basi Mama Mdogo kazi unayo, inabidi uulizie kila muvi kama mama mtu yupo.

Mama Mdogo wa Kisasa:

Zabibu, umenichekesha lakini ndilo hasa. Wengine wote mkitaja muvi, tajeni na hali ya mama.

Mgogo Halisi:

Mbukwenyi. Wazungu wa nini? Wekeni Kuch Kuch Hota Hai, ya 1998, Shah Rukh Khan, Kajol na Rani Mukerji. Vijana wa chuo, mpira wa kikapu, nyimbo, na mapenzi ya heshima. Bibi hahitaji hata kutafsiriwa, Muhindi akilia anaeleweka.

Dada wa Chimwaga:

Hali ya mama: anafariki baada ya kujifungua, mwanzoni kabisa, anamwachia mtoto barua nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa. Mgogo wewe!

Mama Mdogo wa Kisasa:

Hiyo hapana. Siyo kwa ajili ya watoto tu. Hiyo niliiona na dada yangu kwenye kibanda umiza, tumelipa kiingilio kwa hela ya kusaga mahindi. Tuliporudi nyumbani bila unga alijitwika kosa lote yeye. Bado siwezi.

Mgogo Halisi:

Nisamehe dada yangu. Nafuta kauli.

Fundi Flashi:

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya kujaza flashi, nisiseme wapi. Nimtetee kidogo yule kijana: mteja akisema "za mapenzi" sisi tunafungua folda la mapenzi, tunakopi, basi. Hatujaziangalia zote. Andika jina na mwaka kwenye karatasi. Ukisema tu Cinderella unaweza kupewa katuni, au moja ya zile zilizofuata baada ya ya Hilary Duff, zipo kadhaa zenye jina karibu lile lile.

Na kuhusu bibi, zipo zilizotafsiriwa kwa sauti, jamaa anasimulia Kiswahili juu ya picha. Tatizo watafsiri wetu wanaongeza chumvi. Binti wa miaka 16 anasalimia darasani, jamaa anakwambia "mtoto kaumbika huyu". Kwa sebule yako sikushauri.

Mwalimu wa Kiingereza:

Huyo wa kidato cha nne apate faida mbili. She's the Man ya 2006 imetokana na tamthilia ya Shakespeare, Twelfth Night. Binti anapenda mpira, timu ya wasichana shuleni kwao imevunjwa, anajifanya kaka yake pacha na kwenda kuchezea timu ya wavulana shule nyingine. Kule anampenda anayelala naye chumba kimoja, ambaye anamjua kama mwanaume mwenzake. Amanda Bynes akibadilisha sauti tu mnacheka. Hali ya mama: yupo hai, ametengana na baba. Utani mwingine ni wa kihuni kidogo, ila unapita haraka na bibi hataushika.

Kuna nyingine, 10 Things I Hate About You, ya 1999, hiyo nayo ni Shakespeare, The Taming of the Shrew. Kwangu ndiyo bora kuliko zote. Heath Ledger anaimba kwenye majukwaa ya uwanja huku walinzi wanamkimbiza, kipande hicho sikichoki. Lakini baba wa mle kutwa anahofia mabinti kupata mimba, na anayasema hayo bila kuficha. Muiangalie wenyewe bibi akishalala.

Mtoto wa Area D:

High School Musical, 2006. Mmoja nahodha wa kikapu, mmoja kichwa cha sayansi, wanaimba. Ya kwanza hata busu la mdomoni halimo. Mama wa binti yupo, wazazi wa kijana wote wapo.

Zabibu Chungu:

Mkubwa wa kidato cha nne ataiona ya kitoto hiyo. Mdogo ataipenda. Mimi naongeza ya Thailand, First Love ya 2010, wengine wanaijua kama Crazy Little Thing Called Love. Binti wa kawaida mwenye miwani na waya kwenye meno anampenda kaka wa darasa la juu miaka mitatu bila kusema. Mama yupo, baba yupo kazini Marekani. Mwisho wake utawafanya warudishe nyuma waone tena.

Dada wa Chimwaga:

Nzuri, ila binti anaanza mweusi anaishia mweupe, na wakati huo huo ndipo kila mtu anaanza kumwona mrembo. Mimi nina wadogo zangu wanaopaka mikorogo, siwezi kuwawekea hiyo nikakaa kimya.

Zabibu Chungu:

Hapo sina la kujibu.

Mfuga Kuku Nkuhungu:

Nimesoma uzi wote nashangaa hakuna aliyeitaja Flipped, ya 2010, kaongoza Rob Reiner. Wazazi wa pande zote mbili wapo hai. Watoto wawili majirani, Juli na Bryce, miaka ya nyuma huko Marekani. Juli anampenda Bryce tangu wadogo, Bryce anamkimbia. Uzuri wake, jambo moja unasimuliwa mara mbili: kwanza mvulana anavyoliona, kisha msichana. Unadhani umeelewa, kumbe umesikia upande mmoja.

Juli anafuga kuku. Anawapelekea kina Bryce mayai bure, kwa moyo mmoja. Bryce anayatupa kwenye pipa la taka, kwa kuwa baba yake anasema ua wa kina Juli ni mchafu mayai yatawapa ugonjwa. Anayatupa muda mrefu tu mpaka siku Juli anamwona. Mimi mfugaji, hapo nilisimamisha muvi nikatoka nje kupunga upepo.

Mwisho siwaambii, ila kuna mti. Ni kama saa moja na nusu, na rimoti unaweza kuiacha hata chumbani.

Mama Mdogo wa Kisasa:

Hiyo nimeiandika kwenye karatasi na mwaka wake, kesho naenda kibandani. Nitaleta mrejesho.

Mama Mdogo wa Kisasa:

Wakuu, mrejesho. Jana tumeiangalia. Mtafsiri tulikosa, na mimi nilikuwa jikoni nakaanga karanga, kwa hiyo mama akabaki anauliza, "Huyo kasemaje? Na huyo?" Mdogo alishindwa kwenda na kasi ya kile Kiingereza. Mkubwa, ambaye tangu aje hajazidisha maneno kumi kwa siku, akaanza kumfafanulia bibi yake kwa Kigogo. Kwanza kwa mkato, baadaye kila sentensi.

Kwenye mayai nilidhani mama ataomba tuzime. Alisimama na mkongojo wake. "Mayai! Mayai mazima anatupa!" Babu wa yule kijana alipokwenda kumsaidia Juli kutengeneza uzio na ua, ndipo akakaa, akasema huyo mzee kafunzwa na mamaye.

Sasa Mfuga Kuku, nina kesi na wewe. Ulisema rimoti niiache chumbani. Karibu na mwisho yule Bryce anataka kumbusu Juli mbele ya watu ukumbini! Nilikuwa mlangoni na sahani ya karanga, nikaganda. Mkubwa hata hakutetereka, akamwambia bibi yake, "Anataka kumnong'oneza siri." Kwenye tivii Juli akajinasua akatimua mbio.

Mama akatazama, akafikiri kidogo, akasema, "Siri hiyo naijua. Kafanya vizuri kukimbia."

Wote wawili walicheka mpaka mdogo akamwaga chai kwenye blanketi. Leo asubuhi mkubwa kaniuliza ile ya barua ina dakika ngapi. Nimemwambia hali ya mama wa mle. Kasema anajua, alishasoma uzi huu kwenye simu yangu, na kwamba bibi apelekewe dawa mapema.