Ulimwengu wa siri chini ya Mwanza: kwa nini msomaji wa hapa haukubali?

KalamuIgogo
Wakuu, salaam. Naomba msaada kuhusu mswada wa riwaya ya fantasia, maneno 70,000 hivi. Binti wa Mabatini anaingia mfereji wa majitaka pale Makoroboi, anafuata handaki la kilomita mbili hadi chini ya Jiwe la Bismarck, ile alama ya jiji letu, ambako kuna mji wa majini. Waliosoma sura za mwanzo wote wanakwama kwenye handaki, wala uchawi wenyewe hauwasumbui. Kosa liko wapi, na litarekebishwaje bila kubomoa kitabu kizima?

MtuWaMawe
Wasomaji wako wamesema kweli. Handaki hilo ni la miji yenye treni za chini ya ardhi na mifereji ya kupita mtu wima. Mabomba ya majitaka yanayoteremka vilima vyetu ni membamba, hata paka hapiti. Na chini yake kuna granite. Maji hayaiyeyushi mpaka yatoboe mapango marefu kama ya Amboni kule Tanga, ambako mwamba ni wa chokaa.

Lakini granite ina siri yake, na hiyo ndiyo mali yako. Mwamba ulipasuka zamani kwa nyufa zinazokatana. Maji yakapenya humo, yakazila kingo zikawa mchanga na udongo, kiini kikabaki mviringo. Mmomonyoko ulipoondoa udongo, mawe yakabaki yamepandana na kuegemeana. Kwa hiyo mianya ya Mwanza iko katikati ya mawe, kule vilimani, juu ya kichwa cha anayepita barabarani. Hamishia mji wako huko. Njia iwe na upana wa kifua cha mtu, ipinde kila hatua nne au tano, mwanga uingie vipande vipande, chini kuwe na mchanga mkavu. Ukutani weka michirizi myeupe ya mkojo wa pimbi, wale wanyama wadogo wa mawe, pamoja na harufu yake. Aliyekulia hapa akishasoma mstari huo, hata ukimwambia jiwe limesema atakuamini.

Halafu kuna adui uliyemsahau: wachoma mawe. Moto huwashwa juu ya jiwe, tabaka la nje linatanuka na kubanduka kama ganda, kisha linagongwa kwa nyundo mpaka liwe kokoto. Kama kuna watu wanaoishi humo ndani, kila ganda linalobanduka ni paa la nyumba ya mtu. Na anayegonga ana watoto wa kulisha. Mgogoro huo unatosha kubeba nusu ya riwaya, tena hauhitaji mfalme mwovu.

NgwanaKisesa
Namuunga mkono Mtu wa Mawe. Mimi niguse hao majini. Ni wa pwani zaidi. Ukiwaleta huku, onyesha walikuja na nani. Usukumani kuna masamva, roho za wahenga, na kuna Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu, watu wa kumfuata mnyama mpaka ndani ya shimo lake. Wapo pia Bayeye, wacheza na nyoka. Vyama hivi vina dawa zao, nyimbo zao na siri ambazo asiyeingizwa haambiwi. Habari zao utazipata Makumbusho ya Bujora, Kisesa. Sasa umpe huyo binti babu aliyekuwa Mnunguli: tayari ana sababu ya kujua kuingia shimoni na sababu ya kunyamaza. Miiko iwe mitatu, isizidi, na yote msomaji aijue kabla ya robo ya kitabu kuisha. Mmoja uvunjwe, na gharama ilipwe mpaka ukurasa wa mwisho. Uchawi usio na gharama unachosha haraka sana.

Na jambo moja nakuomba kwa dhati: usimfanye kikongwe mwenye macho mekundu kuwa mchawi, wala mtu mwenye ualbino kuwa chanzo cha nguvu. Kanda ya Ziwa watu wameuawa kwa imani hizo hizo. Macho mekundu ya bibi ni moshi wa jikoni, na unaweza kuliandika hivyo hivyo.

DagaaNaTaa
Jiwe la Bismarck limesimama majini, kwa hiyo chini yake ni ziwa. Usilitupe, lifanye mlango wa pili. Wanajiolojia wanasema Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Mji wako ungeweza kujengwa kipindi kile cha ukavu, maji yakaukuta hapo. Huko chini wangekuwa bado na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa aina ambazo huku juu zimepotea tangu sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 aongezeke.

Mlango ufunguke kwenye giza la mwezi tu. Kunapokuwa na mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika, na ziwa huwa tupu. Kwenye giza ziwa linajaa taa. Maana yake usiku pekee wa kupita ndio usiku wenye mashahidi wengi kuliko wote. Hapo una shida ya kweli kwa mhusika wako.

KalamuIgogo
Nimewaelewa, asanteni sana. Matukio ya handakini ni sura sita. Niziandike upya zote?

MtuWaMawe
Hapana. Chora kwanza ramani ya ukurasa mmoja: kilima kimoja, mlango wa mawe, mlango wa ziwa, na muda wa kutembea kati yake. Kisha tafuta kila penye "handaki", "ngazi" na "kushuka", ubadilishe mwendo tu: apande, ajibanze, atambae. Mazungumzo mengi yatabaki yalivyo. Sura itakayokataa kubadilika ni ile ya kukimbizana, kwa sababu kwenye mwanya wa upana wa kifua hakuna anayekimbia. Hiyo iandike upya yote, na anayemfuata binti amsikie akipumua upande wa pili wa jiwe.