Mrejesho: geji ya mafuta kwenye kigari changu cha mbio

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitajuaje mafuta yaliyobaki kwenye kigari changu cha kuunga mwenyewe (kilo 540), maana mshale wa geji ulicheza kila nikikata kona, na siku ile kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, Uingereza, kilizima pale kona ya Druids huku geji ikionyesha robo tanki.

Mmoja wenu alinishauri kubadilisha boya, lile linaloelea ndani ya tanki na kusogeza mshale wa geji, lakini boya lilikuwa zima. Kosa ni tanki: pana, fupi kwa kimo, ndani halina vizuizi. Kona nyingi za pale ni za kulia, kwa hiyo mafuta yanakimbilia kushoto, na bomba la kunyonya liko kulia. Injini ilikuwa inavuta hewa tupu!

Nimefunga kitanki kidogo cha lita 2 kati ya pampu mbili, kinabaki kimejaa hata tanki kubwa likiyumba. Geji nimeing'oa kabisa. Badala yake nilikausha tanki, nikamimina lita moja moja huku nachonga alama kwenye fimbo ya alumini. Kazi ya jioni nzima, na mke wangu bado analalamikia harufu gereji.

Sasa napima gari likiwa limesimama sehemu tambarare, kabla na baada ya kukimbia. Dakika 20 za kukimbia zinakula lita 9 hivi. Naingia na 15, basi. Petroli ina karibu robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo kujaza tanki lote la lita 36 kulikuwa kunaniongezea karibu kilo 16 za bure.

Aliyenishauri kubadilisha boya, samahani mkuu, lako nimeliweka kabatini.