Naombeni ushauri: siku zangu hazieleweki, mara zichelewe, mara zisikatike

Fundi wa Chang'ombe

Habari za jioni wapendwa. Wenye utani naomba wapite kimya kimya, leo sina nguvu ya kujibizana.

Nina miaka 31, mtoto mmoja, nashona nguo hapa Dodoma mjini. Nilikuwa kwenye uzazi wa mpango, sindano ile ya miezi mitatu. Ya mwisho nilichoma mwaka jana mwezi wa nane, nikaacha maana nilikuwa nanenepa. Mwaka huu ulipoanza siku zikarudi, ila ndiyo hivyo, hazina mpangilio. Mwezi wa pili sikuona kabisa. Wa nne nikaona, wa tano kimya. Huu wa sita zimeanza tarehe 3 na leo tarehe 13 bado natoka, mabonge mabonge, pedi za usiku navaa mchana. Nikiinamia meza kukata kitambaa nasikia kizunguzungu.

Mama mkwe yuko Kondoa, anasema ni uchafu wa sindano uliolala kwenye kizazi, niuache utoke wote. Duka la dawa wameniambia homoni zimevurugika, nikapewa vidonge kwenye kibahasha bila jina. Je, sindano imeniharibu? Nisubiri iishe yenyewe?

Zabibu Chungu

Pole mwaya. Umepima mimba?

Fundi wa Chang'ombe

Dada, mimba na damu yote hii?

Nesi Mstaafu

Ndiyo, mwanangu, na damu yote hiyo. Kutoka damu si ushahidi kwamba huna mimba. Mtu akipitisha wiki kadhaa bila siku zake halafu damu ikaja nzito na ndefu, cha kwanza tunachotaka kujua ni kama hakuna mimba iliyokuwa inaharibika, au iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ya pili inaua. Kipimo cha mkojo ni dakika chache tu. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, maumivu ya bega yasiyo na sababu, ukizimia, au pedi ikilowa yote ndani ya saa moja na inayofuata vilevile, usisubiri kupambazuke, nenda usiku huohuo.

Kama hayo hayapo, kesho asubuhi uwe kituoni. Kizunguzungu chako kimenitosha.

Sasa nijibu: tarehe za kuanza za miezi iliyopita unazikumbuka? Tangu uache sindano unatumia nini? Umemeza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba?

Fundi wa Chang'ombe

Asante mama. Tarehe ninazo, huwa naandika kwenye daftari la wateja: 28 Januari, 4 Machi, 2 Aprili, halafu hii ya 3 Juni. Kwa sasa tunahesabu siku salama tu. P2 nilimeza mwezi wa tano, mara mbili.

Nesi Mstaafu

Daftari lako limenipa kazi rahisi. Mzunguko unahesabiwa toka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, si toka damu ilipokata. 28 Januari mpaka 4 Machi ni siku 35. Kwa mtu mzima, 21 mpaka 35 haina neno, kwa hiyo huo mwezi wa pili "uliokosa" haukukosa kitu: Februari ni fupi, siku zako zikairuka. 4 Machi mpaka 2 Aprili ni siku 29, nzuri kabisa. Wengi wanakuja wanalia wameruka mwezi, kumbe ni kalenda ya ukutani imewatisha.

Lakini 2 Aprili mpaka 3 Juni ni siku 62. Hapo kuna jambo, na hizi siku kumi na moja za damu ni jambo lingine. Kawaida damu haipiti siku saba au nane.

Sindano haijakuharibu. Dawa yake hukaa mwilini ikizuia yai kupevuka, na ukiiacha mwili unachukua muda kurudi kwenye mstari. Kushika mimba huchelewa kwa wastani miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, kwa wengine zaidi ya mwaka. P2 nayo inasogeza siku, mbele au nyuma, na ukiimeza mara kwa mara inachanganya zaidi. Ni ya dharura, haijatengenezwa iwe mpango wa kila mwezi.

Halafu hizo "siku salama" zako. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya damu inayofuata, si wiki mbili baada ya iliyopita. Anayekwenda siku 29 mwezi huu na 62 ujao atajuaje damu inayofuata ni lini? Kwa mzunguko kama wako kuhesabu ni kubahatisha. Ukiwa huko kituoni ongea nao kuhusu njia nyingine.

Mkunga Asilia TZ

Dada usihangaike na vipimo, hospitali watakutoa kizazi. Ninayo dawa ya kusafisha kizazi, inatoa uchafu, fangasi, UTI sugu na uvimbe ndani ya siku saba. Vya kunywa na vya kuweka chini. Natuma mikoa yote.

Nesi Mstaafu

Wewe ndugu, mtu anatoka damu siku ya kumi na moja na wewe unataka kumtoa uchafu zaidi? Kizazi hakina taka iliyolala. Kila mwezi ukuta wake wa ndani unajengeka kusubiri mimba, mimba isipoingia unabomoka na kutoka, basi. Ukuta ukikaa muda mrefu bila yai kupevuka unazidi kunenepa, na siku ukibomoka damu inakuwa nyingi na inavuta siku. Mama mkwe ameona jambo la kweli, kwamba damu ilichelewa ndipo ikaja nyingi, ila sababu si hiyo anayoisema. Na binti, hivyo vya kuweka chini usithubutu. Vinaua bakteria wazuri wanaolinda uke, unabaki na muwasho na harufu uliyokuwa huna.

Mnyaturu Halisi

Niko Singida, nimeshapita njia yako. Miaka kama miwili kila ninapokwenda naambiwa "homoni". Jamani, hilo si jibu! Ni sawa na fundi kukwambia gari lako bovu. Bovu wapi? Mimi nilikuwa nakaa miezi mitatu, minne bila kitu, chunusi kama binti wa kidato cha pili, na ndevu kidevuni nikizing'oa kwa kujificha. Mpaka nikakutana na daktari aliyeniuliza hayo yote, akanipima damu na altrasaundi, akasema PCOS, yaani shida ya ovari ambapo mayai hayapevuki kwa mpangilio. Nikapewa vidonge vya majira, damu ikaanza kuja kwa ratiba ule ukuta usirundikane, na nikaambiwa nipunguze mwili. Wala sikuambiwa niwe mwembamba. Walisema hata kilo tano kwa mwenye mia zinaweza kurudisha siku. Kwangu zilirudi nilipoachana na soda na kuanza kutembea jioni.

Fundi, kama huna ndevu wala chunusi huenda si PCOS. Nimesema tu ili ukienda uulize "homoni ipi?" Waulize na tezi ya shingo, ikifanya kazi chini au juu ya kiwango siku zinavurugika.

Baba Junior Nkuhungu

Najua ni uzi wa akina mama, naomba nafasi kidogo. Mke wangu alikuwa anatoka hivyohivyo na tukiambiana "ndivyo alivyo, kwao wote wana damu nyingi". Siku amedondoka jikoni tukamkimbiza, damu ilikuwa 5, akaongezewa chupa mbili. Ni faibroidi, uvimbe kwenye kizazi. Hawakumtoa kizazi, waliondoa uvimbe tu, na baadaye tumepata mtoto. Mume wako kama yuko karibu mwambie akusindikize. Asikae anauliza kwa simu "imekata?"

Fundi wa Chang'ombe

Hahaha kaka, yuko Manyoni kikazi na ndicho anachouliza kila asubuhi.

Kesho naenda. Niende hospitali ya Mkapa moja kwa moja?

Zabibu Chungu

Anzia kituo cha afya Makole, ni karibu na foleni inaeleweka. Wakiona haja watakuandikia kwenda Jenerali, hospitali ya mkoa, au Mkapa kwa bingwa. Ukienda juu bila rufaa, bima inaweza kukusumbua. Beba daftari lako, na kile kibahasha usikitupe, wakione. Usione aibu kusema P2.

Mama Wanne

Naomba kudandia uzi. Binti yangu ana miaka 13, yuko bweni Mpwapwa, amevunja ungo mwaka jana. Anakwenda siku arobaini, mara 25. Nimpe nini?

Nesi Mstaafu

Usimpe kitu. Miaka miwili mitatu ya mwanzo ndivyo ilivyo, hata siku 45 kwa umri wake sawa. Mpe daftari aandike, mpe pedi za akiba. Mlete hospitali akipitisha miezi mitatu bila kuona, akitoka zaidi ya wiki, au akishindwa kwenda darasani kwa maumivu.

Bibi Harusi wa Zamani

Na sisi wa miaka 47? Mimi naona leo, napotea miezi miwili, narudi.

Nesi Mstaafu

Shoga, hiyo ni safari ya kukoma hedhi, wengi wanafika karibu na 50. Ukimaliza mwaka mzima bila damu ndipo tunasema imekoma. Baada ya hapo ukiona hata tone, hospitali wiki hiyohiyo. Na damu baada ya tendo, umri wowote, usiinyamazie.

Fundi wa Chang'ombe

MREJESHO. Wapendwa nimerudi. Mimba hakuna. Damu nina 9, wameniambia mwanamke asiye na mimba anatakiwa aanzie 12. Altrasaundi haikuonyesha uvimbe. Nimepewa vidonge vya kupunguza kutoka damu, na leo siku ya tatu imebaki matone tu. Vile vya kibahasha vilikuwa dawa ya minyoo na antibayotiki, nesi alicheka mpaka akakaa. Wamechukua damu ya kupima tezi, majibu wiki ijayo. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, kile cha siki, nitafanya damu ikikata kabisa. Uzazi wa mpango tutaongea mume akirudi.

Swali moja: nimepewa vidonge vya kuongeza damu, choo kimekuwa cheusi na kigumu. Ni kawaida?

Nesi Mstaafu

Weusi ni madini ya chuma, usiogope. Ugumu unywe maji mengi, ule mlenda, si uko Dodoma? Usivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Acha ipite saa moja au mbili. Meza na maji ya ndimu au chungwa. Ukishindwa kabisa rudi kwa aliyekupa, wapo wanaoruhusiwa kumeza siku moja na kuruka moja. Ila usiache kwa sababu kizunguzungu kimeisha. Akiba ya chuma mwilini inachukua miezi kujaa.

Baba Junior Nkuhungu

Na mume ameacha kuuliza?

Fundi wa Chang'ombe

Sasa anauliza "umemeza?"