Farasi wa bembea ya kuzunguka: ni wa kale kweli, na nimpake rangi upya?

Mkazi wa Rau (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu wapenzi wa sanamu za wanyama. Mwezi uliopita familia moja iliyokuwa ikihama Shanty Town iliuza vyombo vyake vya nyumbani, nami nikarudi na kitu ambacho mume wangu bado anakitazama kwa mashaka: farasi wa mbao, mwenye urefu wa karibu mita moja na nusu, aliyetoka katika zile bembea za kuzunguka ambazo watoto wa Ulaya na Marekani hupanda kwenye viwanja vya maonyesho. Ana tundu linalopita mgongoni hadi tumboni, macho ya kioo, na rangi nyekundu iliyobanduka. Chini yake pana kijani, na chini ya kijani pana rangi ya maziwa. Miguu yote minne imekunjwa kama anayeruka, kwa hiyo kwa sasa nimemwegemeza ukutani.

Kwa miaka mingi nimekusanya wanyama wa mpingo, wote wadogo, wanaokaa kwenye rafu moja. Naomba kujua nitamtambuaje kuwa ni wa kale, kama inafaa nimpake rangi upya, na namna ya kumweka pamoja na wenzake bila sebule kugeuka duka la vinyago.

Fundi wa Ngarenaro (Arusha)

Hongera, dada. Mimi ni seremala, na kwa macho ya fundi rangi iliyobanduka ni kazi iliyokwisha muda wake. Mkwangue hadi kwenye mbao, mpige msasa, kisha umpake vanishi, atang'aa. Ila kabla ya hapo mchunguze tumboni na chini ya kwato, na ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga mpya, basi wadudu wamo na bado wanakula.

Mkusanyaji wa Sakina (Arusha)

Kwa heshima zote kwa fundi, namwomba dada asiguse msasa kabisa, kwa sababu mbili. Kwanza, rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Pili, farasi hawa walipakwa rangi tena na tena na wenye bembea, hivyo tabaka la chini kabisa, hiyo rangi ya maziwa uliyoiona, huenda ndiyo iliyotoka karakanani, na wakusanyaji huithamini kuliko ung'aavu wowote. Mfute kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo tu, na ukishindwa kujizuia, uishie hapo.

Kuhusu ukale, anza na viungo. Farasi halisi hakuchongwa kutoka gogo moja. Kiwiliwili chake ni sanduku la mbao zilizounganishwa kwa gundi na kuachwa wazi ndani, ilhali kichwa, shingo na miguu vilichongwa kando na kupachikwa, kwa hiyo ukimgonga ubavuni atatoa sauti ya ngoma, na mahali pa viungo pataonyesha nyufa nyembamba zilizonyooka. Wa faiba hana viungo hivyo, bali ana mshono wa kalibu. Wapo pia waliochongwa miaka ya karibuni, wengi nchini Indonesia, wakapasuliwa rangi kwa makusudi. Hao huchakaa kila mahali kwa usawa, wakati farasi aliyepandwa kweli huchakaa kwenye tandiko, shingoni na pale miguu ya watoto ilipokanyaga.

Kisha tazama ni ubavu upi uliochongwa kwa ufundi zaidi. Bembea za Marekani huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo ubavu wa kulia ndio ulioelekea watazamaji, nao ndio uliojazwa maua, vito na manyoya ya shingo yanayopepea. Ubavu wa pili uliachwa karibu mtupu, kwa kuwa hakuna aliyelipia kuutazama. Za Uingereza huzunguka kufuata mishale ya saa, hivyo pambo liko kushoto, na mara nyingi farasi aliandikwa jina shingoni. Huko kulikuwa na Frederick Savage wa King's Lynn, aliyeziendesha bembea hizi kwa mvuke katika karne ya 19. Marekani kulikuwa na Gustav Dentzel, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefungua karakana Philadelphia. Wachongaji wake walitengeneza hata simba, twiga na mbuni, jambo ambalo hunichekesha kila ninapowapita twiga wenyewe njiani kuelekea Minjingu.

Mwisho, mwondoe ukutani leo. Farasi mwenye miguu yote hewani alining'inia kwenye nguzo, na miguu yake haikukusudiwa kubeba uzito. Mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee kitako cha chuma chenye bomba linalopita kwenye tundu lile lile. Chuma hicho kitamwepusha pia na mchwa wa sakafuni.

Bibi wa Kiborloni (Moshi)

Mwanangu, wa Sakina amesema vema kuhusu farasi. Mimi niseme juu ya rafu yako. Usiwapange wanyama wa mpingo miguuni pake, maana watapotea. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na mweusi wa kunyonya mwanga, kwa hiyo unahitaji ukuta mweupe na taa ya pembeni, ilhali farasi mwenye rangi anahitaji nafasi ya kuzungukwa na kivuli cha kumkinga na jua la dirishani. Na kabla hujapanga, futa kila mmoja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Mimi niliwahi kuuziwa tembo wa "mpingo" ambaye kitambaa kilimvua weusi wote, kumbe ni mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu. Wachongaji wengine huacha ukanda wa mbao ya nje, ya manjano hafifu, ili mnunuzi auone mti wenyewe.

Wadogo wakiingiwa na wadudu, wafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuwaweka kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha uwatoe na kuwaacha ndani ya mfuko hadi ubaridi wote uwatoke. Na ukiletewa mnyama wa pembe za ndovu, hata akisemwa ni wa enzi za mkoloni, mrudishe alikotoka; bila kibali hiyo ni nyara ya serikali.

Mkazi wa Rau (Moshi)

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimemgonga, analia kama ngoma. Pambo liko kushoto, na kwa tochi nimeona shingoni herufi tatu za jina chini ya nyekundu: "DAI". Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi, na atawekwa chini ya ngazi, ubavu wa kushoto ukitazama mlango. Mume wangu ameuliza kama anaweza kumpanda. Nimemkatalia.